Watoto walioandika 35: nadharia za ujifunzaji zinamsaidiaje mwalimu wa Darasa la Pili?

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Darasa la Pili katika shule ya msingi ya serikali mkoani Shinyanga, na nina wanafunzi 94 katika chumba kimoja. Chuoni tulifundishwa Pavlov, Skinner, Piaget, Vygotsky na Bruner, na mtihani wake niliufaulu, lakini darasani sioni pa kuwatumia. Afisa Elimu Kata akija anasisitiza kwamba mwanafunzi awe kitovu cha somo. Mwalimu mkuu anataka kuona madaftari yamejaa kazi. Wanafunzi wangu wanaimba silabi bila kosa, lakini nikiwapa kitabu hawasomi. Katika hesabu, nikiwapa 52 − 27, karibu nusu ya darasa wanaandika 35. Nifuate nadharia ipi? Na je, yawezekana umri wao haujafika?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nitaanza na hiyo 35, kwa sababu ndani yake mna karibu yote uliyouliza, na kwa sababu mwalimu anayegundua kwamba nusu ya darasa imekosea kwa jibu lile lile ameshika jambo kubwa kuliko anavyodhani. Watoto wanaobahatisha hawafiki mahali pamoja. Wakifika wengi mahali pamoja, ujue ipo njia waliyoipita, na kazi yako ya kwanza ni kuijua njia hiyo kabla ya kuamua ufundishe nini.

Aliyetufundisha kulitazama kosa kwa jicho hilo ni Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1896. Akiwa kijana alifanya kazi Paris pamoja na Théodore Simon, mwenzake Alfred Binet katika upimaji wa akili za watoto, na alitakiwa kuwauliza watoto maswali ya kufikiri ili ijulikane mtoto wa umri fulani hujibu mangapi kwa usahihi. Piaget akavutiwa zaidi na majibu yasiyo sahihi. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa kufanana, na kwamba ukikaa na mtoto ukamwomba akueleze alivyofika kwenye jibu lake, mara nyingi utakuta amefuata mantiki yake mwenyewe hatua kwa hatua. Kazi yake ya miaka mingi huko Geneva ilichipuka hapo. Vyuoni tunawapa walimu tarajali hatua nne za Piaget za ukuaji wa fikra za mtoto na umri wa kila hatua wazikariri, halafu tunasahau kuwapa utaratibu wake wa kukaa na mtoto na kumuuliza, ambao kwa mtu mwenye chaki mkononi una manufaa makubwa kuliko jedwali lile la hatua.

Sasa tulichunguze swali lako. Mtoto anaweza kufika 35 kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa. Wa kwanza anaitazama safu ya mamoja, anaona 2 juu na 7 chini, na kwa kuwa ameshazoea kwamba namba ndogo hutolewa katika kubwa, anatoa 2 katika 7 anapata 5. Kisha anatoa 2 katika 5 upande wa makumi anapata 3. Wa pili anajua vizuri kwamba 7 haitoki katika 2, anakopa kumi, anapata 12, anatoa 7 inabaki 5. Lakini anasahau kwamba yale makumi 5 sasa yamekuwa 4, kwa hiyo anaandika 3 upande wa makumi. Wote wawili wameandika 35, na kalamu yako nyekundu imewapa alama moja ya kosa, ingawa mmoja hajaelewa jambo lenyewe na mwingine amelielewa ila ameteleza njiani.

Jaribu kuwapa 52 − 28. Jibu sahihi ni 24. Mtoto wa kwanza ataandika 36, wa pili ataandika 34, na papo hapo umewatenganisha. Sharti la swali la namna hii ni kwamba tofauti kati ya mamoja ya juu na ya chini isiwe 5, kwa sababu ikiwa 5 makosa haya mawili hutoa jibu moja, kama ilivyotokea kwako. Utakuta pia wachache walioandika 30, ambao huwaza kwamba kama 8 haitoki katika 2 basi hakibaki kitu, na wachache walioandika 80 kwa sababu hawakuitazama alama ya kutoa. Kwa hiyo swali lako la kufuata nadharia ipi naomba tulibadilishe kidogo: nadharia ipi inamfaa mtoto wa 36, na ipi inamfaa mtoto wa 34?

Mtoto wa 36 anaiona 52 kama tarakimu mbili zilizokaa jirani, 5 na 2. Hajaishika kama mafungu matano ya kumi na vitu viwili vya ziada. Hapa ndipo Piaget na Jerome Bruner wanapokufaa. Piaget alisisitiza kwamba mtoto wa umri wa wanafunzi wako hujenga fikra za namba kwa kutenda juu ya vitu: kuvikusanya, kuvigawa, na kuvirudisha vilivyokuwa. Bruner, Mmarekani aliyeandika sana juu ya ufundishaji katika miaka ya 1960, alieleza kwamba jambo moja linaweza kushikwa akilini kwa namna tatu, yaani kwa kitendo, kwa picha na kwa alama, na kwamba mtu anapokutana na jambo jipya ni vyema apitie zote kwa mfuatano huo.

Kwa vitendo, watume watoto walete vijiti au mabua yaliyokatwa sawa, wayafunge kumi kumi kwa kamba. Mtoto aiweke 52 mezani: mafungu matano na vijiti viwili. Mwambie atoe 28. Ataondoa mafungu mawili bila shida, yatabaki matatu na vijiti viwili, kisha atakwama, kwa kuwa anatakiwa kutoa vijiti vinane na anavyo viwili. Mwache akwame kidogo. Kukwama huku ndiko Piaget alikoona chanzo cha kujifunza, kwa sababu mtoto ameona kwa macho yake kwamba utaratibu aliouzoea hautoshi. Wengi watafungua fungu moja wenyewe. Asiyefungua, muulize anaweza kupata wapi vijiti vingine. Akishafungua anavyo vijiti kumi na viwili na mafungu mawili, anatoa vinane, vinabaki vinne, na jibu lake ni 24. Ni muhimu mtoto mwenyewe ndiye afunge na kufungua. Nimeona madarasa mengi ambamo vijiti vipo lakini viko mikononi mwa mwalimu mbele ya ubao, na watoto 80 wanatazama. Hapo mwalimu peke yake ndiye anayepata zoezi.

Baada ya siku kadhaa, weka vijiti kando na watoto wachore: mstari mrefu kwa kila kumi, nukta kwa kila moja. Kufungua fungu sasa ni kufuta mstari mmoja na kuchora nukta kumi. Hatua hii ya picha ndiyo inayorukwa zaidi katika shule zetu. Tunatoka kwenye vijiti Jumatatu na kuingia kwenye tarakimu Jumanne, na mtoto haoni kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Kisha ndipo zije tarakimu, na unapoikata 5 kuandika 4 juu yake, mtoto aseme kwa sauti ni fungu gani limefunguliwa.

Kusema kwa sauti kunatupeleka kwa Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka ule ule aliozaliwa Piaget, huko Orsha katika Belarusi ya leo, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37 tu. Piaget alikuwa ameona kwamba watoto wadogo huongea peke yao wakiwa kazini, akayachukulia maneno hayo kuwa dalili ya kutoweza bado kujiweka katika nafasi ya msikilizaji, jambo ambalo hupungua kadiri wanavyokua. Vygotsky alilitafsiri vingine. Kwake, maneno hayo ni chombo cha kuongozea fikra, nayo hayapotei, bali huingia ndani na kuwa mawazo ya kimya. Ukikubaliana naye, na mimi nakubaliana naye, basi mtoto anayenong'ona «nane haitoki kwenye mbili, nafungua fungu moja» haleti kelele darasani. Yuko kazini, na kumnyamazisha ni kumnyang'anya kifaa chake.

Upande huu una uzito wa pekee kwako huko Shinyanga, ambako watoto wengi huja shuleni wakiwa wameyajua mambo yao ya nyumbani kwa Kisukuma. Mtoto aliyezoea kuhesabu na kupanga kwa lugha ya mama yake, akalazimika kunong'ona kwa Kiswahili ambacho bado anakitafuta, amebebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kiswahili ni lugha ya kufundishia na ni lazima wakijue vizuri. Lakini watoto wawili wanapoelezana kwa Kisukuma kwa nini fungu limefunguliwa, kisha mmoja wao akasimama kulieleza darasa kwa Kiswahili, wameelewa hesabu na wamejifunza Kiswahili, na somo lako halijapoteza kitu.

Jambo la pili la Vygotsky ni lile la eneo lililo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa. Mafundisho yanapaswa kulenga hapo, kwa sababu anachoweza leo kwa msaada kesho atakiweza mwenyewe. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walilichunguza suala la msaada mwaka 1976, wakitazama mkufunzi akiwasaidia watoto wa miaka mitatu hadi mitano kuunganisha mnara wa vipande vya mbao. Waliulinganisha msaada mzuri na jukwaa la mafundi ujenzi: huwekwa pale tu ambapo fundi hafikii, na huondolewa ukuta unaposimama. Msaada usioondolewa humfanya mtoto amsubiri mwalimu kila mara. Ukiona mtoto anakutazama usoni baada ya kila tarakimu anayoandika, jua jukwaa limekaa mno.

Kabla sijamwacha mtoto wa 36, nakuomba umchunguze nje ya darasa. Huenda ni yule anayeuza karanga za mama yake jioni. Mnunuzi akichukua karanga za shilingi 700 na kumpa noti ya 1,000, mtoto huyo anarudisha 300 bila karatasi, kwa kuhesabu kwenda juu: mia nane, mia tisa, elfu. Katika mji wa Recife nchini Brazili, watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwafuatilia watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza barabarani na sokoni, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1985, yalionyesha kwamba katika biashara zao watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu, lakini hesabu za namna hiyo hiyo zilipoandikwa kwa tarakimu tupu kama za shuleni walipata asilimia 37. Zilipofungwa ndani ya kisa, walipata asilimia 74. Mtoto mmoja aliyeulizwa bei ya nazi kumi, moja ikiwa 35, alisema tatu ni 105, tatu nyingine zinafika 210, akaendelea hadi 315, kisha 350. Kanuni ya kuongeza sifuri hakuitumia. Alitumia bei ya nazi tatu, ambayo bila shaka aliishaizoea. Watafiti hawa hawakusema shule haina kazi, kwa kuwa njia ya mtoto yule ni ndefu na ingemshinda kwa nazi mia tatu. Lakini mtoto anayejua chenji tayari ana mahali pa kuanzia, na mwalimu asiyejua hilo anaanza upya bila sababu. Mfundishe kutoa kwa kuhesabu kwenda juu, kutoka 28 hadi 30 ni 2, kutoka 30 hadi 52 ni 22, jumla 24, halafu linganisheni jibu hilo na la vijiti.

Mtoto wa 34 sasa. Huyu ameelewa, anachokosa ni mazoezi, na katika mazoezi wale tunaowaita wanautabia, yaani wanaoeleza kujifunza kwa tabia inayoonekana na matokeo yanayoifuata, wana mengi ya kutufaa. B. F. Skinner alitembelea darasa la hesabu la binti yake mwaka 1953, akaona watoto wanafanya swali la kwanza, la pili, la tatu bila kujua kama la kwanza ni sahihi. Majibu yangekuja baadaye mwalimu akishasahihisha. Kwa mtu aliyekuwa ameonyesha maabara kwamba mwitiko huimarika pale matokeo yake yanapofuata mara moja, hili lilimsumbua sana, akaenda kuunda mashine ya kufundishia iliyompa mtoto jibu papo hapo. Wewe huhitaji mashine. Wape maswali mawili, si ishirini. Wakimaliza andika majibu ubaoni na hatua zake, kila mtoto ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, kisha wape mengine mawili. Mtoto aliyesahau kupunguza makumi katika swali la kwanza atakumbuka katika la tatu. Akifanya maswali ishirini siku ya Jumatano na daftari likarudi Jumatatu, amefanya kosa lake mara ishirini na limemkaa mkononi.

John Sweller wa Australia, kuanzia miaka ya 1980, alituongezea jambo jingine juu ya mtoto huyu. Akili inapofanya kazi hubeba mambo machache tu kwa wakati mmoja. Anayekopa inambidi akumbuke alichokopa, afute, aandike upya, ajue 12 kutoa 8, na asiipoteze safu yake. Wengi husahau kupunguza makumi kwa kuwa nafasi imejaa. Dawa yake ni mifano iliyofanywa nusu: mwandikie swali ukiwa umeshakata 5 na kuandika 4, yeye amalizie, kesho mwachie hatua mbili, keshokutwa afanye yote. Na dawa nyingine ni kuhakikisha 12 − 8 anaijua kwa moyo. Hapa wapo wenzetu wanaodhani kwamba kukariri ni adui wa kuelewa. Mtoto anayehesabu vidole kupata 12 − 8 ametumia pale nguvu aliyohitaji kukumbukia makumi.

Sasa silabi. Watoto wako wamejifunza kikamilifu kile walichofundishwa, yaani kufuatisha wimbo fimbo inaposogea. «Ba be bi bo bu» ina mpangilio usiobadilika, na sauti moja huvuta inayofuata, kwa hiyo mtoto hana haja ya kutazama herufi. Edward Thorndike, aliyeanza kwa kuchunguza paka wakijifunza kutoka ndani ya visanduku mwaka 1898, angesema kwamba kinachoimarika ni kitendo kilicholeta matokeo mazuri. Na darasani mwako kitendo kilicholeta «vizuri sana» ni kuimba kwa pamoja. Funika silabi nne, uache «bo» peke yake, na mwite mtoto mmoja. Kisha vuruga mpangilio: bu, ba, bo. Kisha unganisha mapema kabisa, wasome baba, bibi, babu, maneno ambayo wanayajua kwa masikio. Kiswahili kimetupa neema kubwa hapa, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto akishajua kuunganisha sauti anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Sitaki uache kuitikia kwa pamoja. Katika darasa la watoto 94 ni njia nzuri ya kuwapa wote nafasi ya kutamka, ilimradi ifuatwe kila mara na mtoto mmoja mmoja anayesoma kitu ambacho wimbo haukumwandalia.

Na ugawe mazoezi hayo. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyekariri mwenyewe maelfu ya silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Dakika kumi kila asubuhi zinashinda saa nzima ya Ijumaa.

Hukuniuliza habari za viboko, lakini siwezi kuwataja Pavlov na Skinner kwa mwalimu wa Tanzania nikalipita suala hilo, kwa sababu nimewasikia watu wakiwataja hao hao kama wakili wa fimbo. Thorndike mwanzoni aliandika kwamba adhabu hudhoofisha kitendo kama thawabu inavyokiimarisha. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa ameirekebisha kauli hiyo baada ya kuona kwamba pande hizo mbili hazilingani nguvu. Skinner alipinga adhabu waziwazi: huzuia kitendo kwa muda, haifundishi kitendo mbadala, na humfundisha mtoto kumkwepa anayeadhibu. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyeonyesha jinsi mbwa anavyotokwa mate kwa kusikia tu dalili ya chakula, anatueleza kinachobaki: mtoto aliyechapwa mara kadhaa kipindi cha hesabu huanza kutetemeka anapoiona tu alama ya kutoa. Mtoto wa 36 aliyechapwa hajapata fungu la kumi lililofunguliwa. Amepata sababu ya kunakili kwa jirani, na tangu siku hiyo hutaona tena kosa lake, maana yake umepoteza njia pekee ya kujua anavyofikiri.

Kuhusu umri, jibu langu ni hapana. Ni kweli Piaget aliuweka umri wa karibu miaka saba kuwa mwanzo wa fikra za kimantiki juu ya vitu vinavyoonekana, lakini alichokisisitiza ni mfuatano wa hatua, na miaka aliyoitaja ilikuwa ya makadirio. Wengine walionyesha baadaye kwamba namna tunavyouliza hubadilisha matokeo. Katika jaribio la James McGarrigle na Margaret Donaldson la mwaka 1974, safu mbili za vitu zilizolingana ziliwekwa mbele ya watoto wa miaka minne hadi sita, kisha moja ikavurugwa. Mtafiti mwenyewe alipoivuruga kwa makusudi na kuuliza upya, wengi walisema idadi zimeacha kulingana. Ilipovurugwa na mwanasesere wa dubu aliyesemekana ni mtundu, wengi zaidi walijibu sawasawa. Na jirani zetu wana ushahidi wao: Charles Super alichunguza watoto wachanga wa Wakipsigis huko Kokwet nchini Kenya, na katika maandishi yake ya mwaka 1976 alieleza kwamba waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakuwatangulia kutambaa. Mama zao waliwafundisha kuketi na kutembea kwa makusudi. Kutambaa hawakukufanyia mazoezi. Ukisubiri umri ulete kile ambacho hakijafundishwa, utasubiri sana.

Tukija kwenye mwanafunzi kuwa kitovu cha somo, Afisa wako yuko sahihi, ila mara nyingi tunalitekeleza kwa kupanga madawati kwa makundi na kuwaambia watoto wajadiliane jambo ambalo hakuna hata mmoja wao anayelijua. Nadharia ya kujenga maarifa, ile ya akina Piaget isemayo kwamba mtoto hujijengea uelewa mwenyewe, inaeleza kinachotokea kichwani, nayo haiagizi mwalimu anyamaze. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walionya mwaka 2006 kwamba anayeanza kujifunza akiachiwa agundue mwenyewe bila mwongozo hunufaika kidogo kuliko aliyeongozwa, na uzoefu wangu wa kukagua masomo unaniambia hivyo hivyo. Mwongozo wako ni pamoja na mfano wako: Albert Bandura alionyesha tangu mwaka 1961 jinsi watoto wanavyoiga wanachokiona kwa mtu mzima, kwa hiyo fikiri kwa sauti mbele ya ubao, jihakikishie jibu kwa kujumlisha 24 na 28, na watoto watakuiga. Somo linakuwa la mwanafunzi pale ambapo unachofundisha leo kimeamuliwa na alichoandika yeye jana.

Na hilo linawezekana kwa watoto 94. Siku ya kwanza usiweke alama. Chukua madaftari, tazama jibu la 52 − 28 peke yake, na uyagawe kwa marundo: 24, 36, 34, na mengineyo. Mimi ningewaketisha wa 36 mbele pamoja na vijiti nikiwa nao, wa 34 wakifanya mifano iliyofanywa nusu na kujisahihisha ubaoni, na wa 24 wakitungiana visa vya duka. Baadhi ya hao wa 24 wanaweza kuwasaidia wenzao kwa sharti la kuuliza tu, bila kutaja jibu. Wengine huogopa kwamba kugawa kwa uwezo huwavunja moyo walio nyuma. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya, ambamo Darasa la Kwanza liligawanywa kati ya walimu wawili. Kulikogawanywa kwa kiwango cha wanafunzi, walio juu na walio chini wote walipanda kuliko kulikogawanywa kwa kubahatisha, na mojawapo ya sababu walizotoa ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha pale wanafunzi wake walipo. Kwako ni chumba kimoja na mwalimu mmoja, kwa hiyo makundi yawe ya kipindi cha kutoa tu, na uyapange upya kila baada ya wiki, ili mtoto asigande katika rundo moja.

Mwalimu mkuu akikuuliza kwa nini daftari lina maswali sita badala ya ishirini, usibishane naye juu ya Skinner. Andika katika andalio lako la somo idadi ya madaftari ya kila rundo siku ya kwanza, andika tena baada ya wiki tatu ukiwa umewapa swali jingine la namna ile, kama 61 − 34, ambapo jibu sahihi ni 27, la mtoto wa kwanza ni 33, na la wa pili ni 37, kisha mpelekee karatasi hiyo.